Kiboko, Darasa na Dola

Suala la dola si suala la vitabuni tu. Mkulima wa Mvumi, wa Bahi au wa Kongwa hakutani na dola katika maandiko ya Marx na Lenin, wala katika maazimio ya mikutano mikuu. Anakutana nayo kwa watu watatu: mwalimu wa shule ya kijiji, askari, na mtendaji mwenye mhuri. Yale anayotendewa na watatu hao ndiyo yanayomfundisha Serikali ni kitu gani, ni ya nani, na yeye mwenyewe ana nafasi gani mbele yake. Kwa hiyo kada anayetaka kuelewa mtazamo wa wananchi juu ya elimu, juu ya polisi na juu ya mamlaka asiyachambue mambo hayo kama mada tatu zenye milango mitatu. Mlango ni mmoja, na katika nchi yetu nyuma ya mlango huo pametundikwa kiboko.

Tuanze na tukio ambalo wengi wanalikumbuka. Mwezi Februari 2009, katika Wilaya ya Bukoba, Mkuu wa Wilaya alikasirishwa na matokeo mabaya ya mtihani wa darasa la saba katika baadhi ya shule zake za msingi. Walimu walishutumiwa kwa kuchelewa kazini, kwa utoro na kwa kutomaliza mihtasari. Kisha, kwa amri yake, walimu 19 wa shule tatu walichapwa viboko na askari polisi. Watu wazima, wenye vyeti vya Serikali, watumishi wa umma, walichapwa viboko katika mazingira ya kazi yao. Chama cha Walimu kilipiga kelele, magazeti yakaandika, na katika siku chache Rais Jakaya Kikwete akamwondoa Mkuu huyo wa Wilaya madarakani.

Hapo wengi waliona kuwa jambo limekwisha. Sisi tunaona kuwa lilifungwa kabla halijafunguliwa. Maelezo yaliyotolewa wakati ule yalikuwa ya aina mbili. Wa kwanza walisema ni wazimu wa mtu mmoja, na kwa kuwa mtu huyo ameondolewa, wazimu nao umeondoka. Wa pili, ambao walisema kwa sauti ya chini vijiweni na hata katika ofisi, walikiri kuwa njia ilikuwa mbaya lakini nia ilikuwa nzuri: walimu wamezidi, na lazima nidhamu irudi. Maelezo ya kwanza yanageuza siasa kuwa ugonjwa wa akili. Ya pili ni hatari zaidi, maana yanaonyesha kuwa ndani ya mioyo ya watu wengi, na makada wakiwamo, Mkuu yule wa Wilaya hakuwa mgeni. Alikuwa ndugu yao aliyevuka mpaka hatua moja tu.

Mchambuzi mwenye msimamo wa kisayansi huuliza kwanza hali halisi. Matokeo yale mabaya yalitoka wapi? Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Hii ilikuwa hatua kubwa ya ukombozi, na yeyote anayeibeza hajui maana ya mtoto wa mchungaji wa Chamwino kushika daftari kwa mara ya kwanza. Lakini watoto walikuja kwa mwendo wa mafuriko, na walimu, nyumba za walimu, vitabu na madawati vikaja kwa mwendo wa konokono. Mwalimu mmoja akajikuta na darasa la watoto wengi kuliko anavyoweza kuwajua kwa majina. Tena Oktoba 2008, miezi minne tu kabla ya viboko vile, walimu wa nchi nzima walitaka kugoma kwa ajili ya malimbikizo ya madai yao, na Mahakama ikazuia mgomo huo. Basi kilichochapwa Bukoba ni nini hasa? Upungufu uliozaliwa na mipango ya ngazi za juu ulishushwa ngazi moja hadi nyingine, kama ndoo za maji wakati wa kuzima moto, mpaka ukamwagwa katika mwili wa mtu wa mwisho asiyekuwa na wa kumshushia. Na kwa kweli hata yeye hakuwa wa mwisho. Chini yake kulikuwa na mtoto.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Zipo hoja mbili ambazo magazeti hayakuziuliza.

Ya kwanza ni juu ya askari. Hakuna sheria ya Tanzania inayompa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtumishi wa umma achapwe viboko bila kesi, bila hakimu na bila hukumu. Askari polisi anafundishwa sheria chuoni; anajua kuwa amri isiyo halali haimfungi. Hata hivyo fimbo iliinuka. Kwa nini? Kwa sababu askari alimwona Mkuu wa Wilaya kama Serikali yenyewe, wala si mtu aliyepewa kazi na Serikali kwa mipaka iliyoandikwa. Kwake yeye sheria ilikuwa ni sauti ya mkubwa aliyesimama karibu.

Ya pili ni juu ya walimu wenyewe, nasi tunaisema bila kuwalaumu waliodhulumiwa. Walimu 19 walisimama wakachapwa. Woga ulikuwapo, na bunduki ya askari si kitu cha kuchezea. Lakini woga peke yake hautoshi kueleza. Mwalimu anayechapa watoto kila siku kwa kuchelewa, kwa kukosa jibu, kwa kutoleta maji au ufagio, amekwisha kukubali kanuni: mkubwa akiona kosa kwa mdogo, haki hupitia mwilini. Siku mkubwa zaidi alipoingia langoni na kanuni hiyo hiyo, mwalimu hakuwa na hoja ya kumkatalia. Hoja yake ilikuwa imeegemezwa pembeni mwa kabati la ofisi ya walimu, karibu na chaki.

Wanachuo wetu hupinga hapa, na ni vyema wapinge. Husema: kiboko ni malezi yetu ya Kiafrika, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sisi sote tulichapwa tukawa watu. Methali tunaiheshimu, ila methali haitaji fimbo. Inazungumzia mzazi anayeogopa kumkatalia mwanawe, na mzazi wa Kigogo aliyempeleka mtoto machungani alikuwa na njia nyingi za kumfundisha ukubwa bila daftari la adhabu. Mzee akimwadhibu mtoto nyumbani, jirani anamwona, mjomba anamuuliza, bibi anamficha nyuma ya mgongo. Kiboko cha ofisini hakina mjomba wala bibi. Hicho tulikipokea kutoka mahali pengine.

Kilitoka bomani. Chombo chenyewe kilikatwa katika ngozi ya mnyama, na ndipo kilipopata jina. Wazee wa pwani na wa bara walikijua kwa hesabu ya Kiarabu: hamsa ishirini, viboko 25, adhabu ya utawala wa Wajerumani kwa mpagazi aliyechoka, kwa mlipakodi aliyechelewa, kwa jumbe asiyeleta watu wa kazi. Huku kwetu bara, boma za Mpwapwa na Kilimatinde ndizo zilizokuwa shule ya kwanza ya dola. Na somo la pili lilikuwa kali kuliko la kwanza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yaliikomba Ugogo nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haipo. Njaa iliyotokea kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000. Hayo hayakuwa maafa ya mbingu peke yake. Mkono wa Serikali ulitangulia mbele ya jua. Atakayeshangaa kwa nini mzee wa Ugogo akiona gari la Serikali huwaza kwanza limekuja kuchukua nini, na akaita tabia hiyo ushamba, basi yeye ndiye asiyejua historia.

Mwingereza alipochukua nchi alimweka Bwana Shauri: mtawala, mkusanya kodi, hakimu na mkubwa wa askari katika suruali moja fupi. Uhuru ulimwondoa Bwana Shauri. Je, kiti chake kiliondolewa? Mwaka 1963 Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya adhabu za lazima iliyotaka wezi wa aina fulani wapigwe viboko 24, 12 wakiingia gerezani na 12 wakitoka. Watu hadi leo huitaja kwa kicheko, kwamba zile za kutokea zilikuwa za kumwonyesha mke. Kicheko hicho nacho ni somo la siasa. Shuleni, Sheria ya Elimu ya 1978 ilifuatiwa na kanuni za adhabu ya viboko za 1979, na kanuni za mwaka 2002 zikapunguza: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika daftari maalumu. Yaani sheria ilikiwekea kiboko uzio, lakini haikukifukuza nyumbani.

Sasa tuyageukie maandiko ya Chama, maana hapa uhakiki wetu lazima uwe wa ndani. Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 walifukuzwa. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulichambua kwa ukali namna shule ya kikoloni ilivyomtenga msomi na wazazi wake, ikamfanya aamini kuwa jasho ni la wengine. Ulitaka shule iwe jumuiya inayozalisha, na ulitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika maamuzi ya shamba lao, ili wawe watu wenye akili ya kuhoji. Ni waraka mkubwa na haujazeeka. Lakini haukukaa vya kutosha katika swali la nani atakayemwambia nani hapana. Jembe lilielezwa vizuri kuliko kikao. Matokeo yake, mara waraka uliposhuka kutoka meza ya Mwalimu hadi kwenye shule ambayo desturi yake ilikuwa bado ya boma, jembe na kiboko vilifunga ndoa. Shamba la shule, lililokusudiwa kuwa darasa la ujamaa, mahali pengi likawa adhabu: mchelewaji apewe hatua 20 za kulima. Mtoto akajifunza kuwa kulima ni kile unachofanyiwa ukikosea. Hakuna bepari ambaye angeweza kutunga somo baya zaidi kwa taifa la wakulima.

Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikwenda mbali zaidi. Ulisema waziwazi kuwa maendeleo yasiyompa mwananchi madaraka zaidi juu ya mambo yake si maendeleo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kuliko viongozi walivyodhani. Waliishika mkononi viwandani, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda wakaendelea kuzalisha. Baadhi ya migomo ya miaka hiyo ilimalizwa kwa polisi. Hapo ndipo udhaifu wa ibara ya 15 unapoonekana: ilimwambia kiongozi asiwe mkandamizaji, lakini haikumpa mkandamizwaji mahali pa kupeleka malalamiko ila kwa kiongozi mwingine. Ibara ya maadili bila chombo ni kama ngoma isiyo na ngozi.

Mwaka huo wa 1973 una fundisho jingine, na sisi wa Kanda ya Kati tunapaswa kulijua kuliko wengine wote. Katikati ya mwaka ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya kusoma viliundwa vijijini, watu wakakaa chini ya miti wakisikiliza redio, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadiliana: mbu anazaliwa wapi, maji yanachafuliwa na nini, choo kichimbwe upande gani. Kampeni ilichukua wiki 12 na iliwafikia watu wapatao milioni 2. Vyoo mamia ya maelfu vilichimbwa, na waliovichimba hawakushikiwa bunduki. Tarehe 6 Novemba mwaka ule ule ikatoka amri kuwa kuishi vijijini sasa ni lazima. Huku Dodoma operesheni ilikuwa imekwisha kutangulia tangu 1970 na 1971. Malori yakaja. Mahali pengi tembe, zile nyumba zenye mapaa ya udongo ambazo familia ilizijenga kwa misimu, zilibomolewa ili mwenyewe asirudi. Mifugo ikakusanywa mahali pasipo malisho ya kuitosha, na mashamba yenye samadi yakaachwa nyuma. Mwisho wa 1976 ilitangazwa kuwa watu zaidi ya milioni 13 wanaishi katika vijiji.

Chama kilekile, Serikali ileile, mwaka uleule, mkulima yuleyule. Mara moja aliitwa akae aseme, mara ya pili akaambiwa apande lori. Hatusemi kuwa vijiji havikuleta kitu: vilileta shule, zahanati na visima, na bila shule hizo Azimio la Musoma la 1974 juu ya elimu ya msingi kwa wote lisingetekelezwa kufikia mwaka 1977. Takwimu rasmi za 1986 zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Ni ushindi ambao mataifa tajiri yaliutazama kwa mshangao. Lakini angalia ushindi huo ulivyopatikana. Kisomo cha watu wazima hakikuwa na kiboko. Mama wa miaka 50 aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza, mkono ukitetemeka, hakuchapwa alipokosea herufi. Alichekwa kidogo na wenzake, akacheka naye, akaandika tena. Kama kweli Mwafrika hajifunzi bila fimbo, mama huyu alijifunzaje?

Swali hilo hatujapata kulisikia likijibiwa na watetezi wa kiboko.

Shule iliyoletwa na lori hubaki na harufu ya lori. Katika vijiji vingi, kwa miaka mingi, Januari ikifika mgambo wa mtendaji huzunguka kutafuta watoto ambao hawakuandikishwa, na mzazi hutozwa faini. Wakati wa kujenga sekondari za kata, miaka ya kati ya 2004 na 2009, mchango wa madarasa mara nyingi ulidaiwa kwa mtindo huo huo: asiyekuwa na fedha alichukuliwa kuku au mbuzi. Shule ni ya mtoto wake, jengo limesimama kwa jasho lake, lakini ukimuuliza atakwambia ni shule ya Serikali. Anasema kweli kwa jinsi alivyotendewa. Elimu bila ada ilipotangazwa kwa Waraka wa 2015 na kuanza Januari 2016, baadhi ya viongozi walilalamika kuwa sasa wazazi hawataki kuchangia hata chaki. Tungewauliza: kuku walipokamatwa, mlitegemea wajifunze nini?

Turudi kwenye kiboko, maana hadithi ya Bukoba ina sehemu ya pili. Oktoba 2019, baada ya mabweni ya sekondari moja wilayani Chunya kuungua, na wanafunzi kukutwa na simu za mkononi, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi 14 mbele ya wenzao, na picha zikaenea nchi nzima. Mkuu wa Mkoa si mwalimu mkuu, wala kanuni za 2002 hazimtaji. Mara hii hakuna aliyeondolewa. Rais John Magufuli alimpongeza hadharani. Kati ya matukio hayo mawili sheria haikubadilika hata nukta. Kilichotofautiana ni umri wa aliyechapwa. Aliyewachapa watu wazima alipoteza kazi. Aliyewachapa vijana alisifiwa. Lakini ni kule kwa vijana ndiko anakoandaliwa mtu mzima atakayesimama kimya siku ya Bukoba, na askari atakayeinua fimbo bila kuuliza, na Mkuu wa Wilaya atakayetoa amri. Mjini Bukoba penyewe, mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu.

Wala kiboko hakihitaji kuwa fimbo ndipo kiwe kiboko. Hapa Dodoma, Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,800 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa waondoke Chuo Kikuu cha Dodoma, kisa kikiwa wahadhiri wao hawafundishi kwa sababu ya mgogoro wa malipo. Kosa lilikuwa baina ya mwajiri na mwajiriwa. Aliyefungasha mizigo alikuwa mwanafunzi, akilala stendi akisubiri nauli kutoka kwa baba anayeuza alizeti. Ndoo zile zile za maji.

Wanachuo wakifika hapa huuliza: na Marekani je? Wapo wanaoitazama nchi hiyo kama peponi pa uhuru wa raia, na wapo wanaoitaja ili kufunga mjadala, kwamba kama mabeberu wanachapa, sisi tunaulizwa nini. Makundi yote mawili hayajaisoma. Mmarekani wa kawaida hulelewa kuishuku Serikali Kuu. Shule zake ziko chini ya bodi za wilaya, nyingi zikichaguliwa na wakazi wenyewe, na mzazi aliyechukizwa anaweza kuing'oa bodi kwa kura. Hilo ni jambo la kujifunza, tulikubali bila aibu. Lakini fedha za shule hizo kwa sehemu kubwa hutokana na kodi ya nyumba na ardhi ya mahali hapo, na mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka San Antonio, ilikataa kuitambua elimu kuwa haki ya msingi ndani ya Katiba ya taifa. Hivyo penye majumba ya fahari pana maabara, na penye vibanda pana mabomba yanayovuja. Uhuru wa kuchagua bodi upo. Tabaka limekwisha kuchagua bajeti.

Na juu ya kiboko? Mwaka 1977 Mahakama hiyo hiyo iliamua, kwa kesi ya mwanafunzi aliyepigwa vibaya kwa ubao katika shule ya Miami, kuwa kinga ya Katiba dhidi ya adhabu za kikatili inamhusu mhalifu aliyehukumiwa, haimhusu mtoto wa shule. Mfungwa ana kinga ambayo mwanafunzi hana! Majimbo kadhaa, hasa ya Kusini kulikokuwa na utumwa, yaliendelea kuruhusu ubao huo, na takwimu za serikali yao wenyewe zimeonyesha kuwa watoto weusi hupigwa kuliko wenzao. Baada ya mauaji ya Columbine ya 1999 askari polisi walijazwa mashuleni kwa wingi. Oktoba 2015, katika sekondari moja ya South Carolina, askari alimpindua msichana mweusi pamoja na dawati lake akamburuta sakafuni kwa kosa la simu. Askari alifukuzwa kazi. Tunajua wimbo huo: mtu anaondoka, mfumo unabaki. Raia anayesema Serikali ni ya kuogopwa ndiye huyo huyo aliyeiita iingie darasani na pingu, mradi pingu zisimfikie mwanawe.

Hata hivyo kuna picha nyingine ya Marekani ambayo mwanachuo hana budi kuiweka kando ya hiyo. Mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipotumia askari kuwazuia watoto weusi tisa wasiingie sekondari ya Little Rock, Rais Eisenhower alipeleka jeshi la taifa liwasindikize hadi darasani. Bunduki ileile ambayo mahali pengine humtoa mtoto darasani, pale ilimwingiza. Kwa hiyo sisi hatukubaliani na wale wanaosema dawa ni dola kuwa dhaifu. Dola dhaifu haimjengei mtoto wa Mpwapwa maabara, wala haimtoi msichana katika ndoa ya utotoni. Tunachouliza ni mtu wa chini ana nini mkononi siku dola yenye nguvu inapokosea kwake.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Makada wengi wanaijua sheria hiyo kwa namba tu, saa 48, kama vile zamani ilivyojulikana hamsa ishirini. Hawaijui kwa masharti yake: kuwa lazima pawe na sababu ya kuamini mtu huyo ametenda kosa la kukamatwa, au atavunja amani kwa namna isiyoweza kuzuiwa vinginevyo, kuwa sababu ziandikwe na nakala apelekewe hakimu, kuwa saa zikiisha bila mashtaka mtu aachiwe. Madaktari, wenyeviti wa vijiji, waandishi wa habari na walimu wamelala ndani kwa kuchelewa kikao au kujibu kwa ukali. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande iliyagusa matumizi mabaya ya mamlaka hayo ya kukamata, na ilipendekeza pia polisi wetu waondokane na sura ya jeshi wawe chombo cha huduma. Mapendekezo ya namna hiyo hayatatekelezwa na karatasi. Yatatekelezwa, au yatakwamishwa, na watu wanaokaa leo kwenye madawati ya vyuo vyetu, kwa kuwa humo ndimo watokamo makatibu wa wilaya, watendaji wa kata na wakuu wa wilaya wa kesho.

Kwa sababu hiyo, katika kozi zetu tumeongeza zoezi dogo. Kila mwanachuo hupewa kisa: wewe ni Mkuu wa Wilaya, mwalimu mkuu mmoja amekujibu vibaya mbele ya mkutano wa wananchi, umeghadhibika, na Mkuu wa Polisi wa Wilaya amesimama kando yako anasubiri kauli. Umeamua akamatwe. Sasa chukua kalamu, mwandikie hakimu sababu zako. Wengi huanza kwa kasi. Anwani wanaiandika, kumbukumbu namba wanaiandika, na sentensi ya kwanza yenye cheo chao hutoka vizuri. Kwenye sentensi ya pili, ile inayotakiwa kutaja kosa, kalamu husimama. Baadhi huomba kubadilishiwa kisa. Tunawaacha wakae na karatasi ile mpaka kipindi kiishe.